Siku Moja Maishani Mwangu: Kutunga Kazi ya Utafiti Kuhusu Tabianchi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimekwisha kukaa mezani, na mbele yangu lipo swali nililolitoa kwa wanafunzi wa chuo mihula minne mfululizo: "Jadili sababu na athari za mabadiliko ya tabianchi." Kila muhula limeniletea insha zinazofanana kama mapacha, yaani aya ya gesijoto, aya ya ukataji wa misitu, aya ya kuyeyuka kwa barafu, na mwishoni mapendekezo kwa serikali. Makosa ni machache, lakini utafiti haumo. Siku hizi programu ya akili mnemba huandika insha ya namna hiyo kabla mwanafunzi hajakaa vizuri kitini, nami nalilaumu swali kuliko ninavyowalaumu wao.

Saa mbili na nusu nafika ofisini nikiwa nimeamua kwamba swali jipya litajibiwa kwa vipimo ambavyo mwanafunzi atavichambua kwa mkono wake. Nachagua rekodi ya hewa ya ukaa (CO2), mojawapo ya gesijoto, inayopimwa kwenye mlima wa Mauna Loa, Hawaii, ambayo mwanasayansi Charles David Keeling aliianzisha Machi 1958, kiwango kilipokuwa takriban sehemu 315 kwa milioni. Mwaka 2024 wastani ulikuwa umepita 420. Rekodi hii ni ndefu, haina malipo, na faili lake ni dogo kiasi cha kufunguka hata kwenye kompyuta iliyochoka, sifa ambayo watunga maswali wengi huisahau.

Saa nne naanza kuifanya kazi yenyewe, kwa sababu nimejiwekea sharti la kutotoa zoezi ambalo sijalifanya. Mwaka 1958 nauruka kwa kuwa haukukamilika, nakokotoa wastani wa kila mwaka kuanzia 1959, kisha nachora grafu. Mstari unapanda kwa utulivu hadi unapofika 1964, ambako unatumbukia ghafla hadi takriban 214. Nikadhani nimekosea fomula, nikairudia mara mbili, shimo likabaki palepale. Nilipoukagua mwaka huo mwezi baada ya mwezi, nikakuta Februari, Machi na Aprili zimeandikwa -99.99. Hiyo ni alama ya kipimo kilichokosekana, kwani mwaka huo fedha zilipungua na upimaji ukasimama kwa muda. Lahajedwali, yaani programu ya kukokotoa niliyoitumia, isiyojua habari za bajeti, ilikuwa imeijumlisha alama hiyo kama namba nyingine yoyote.

Nilikuwa nimeanza kuzifuta seli hizo tatu, ili wanafunzi wapate faili safi, mwenzangu anayefundisha takwimu alipoingia saa sita kasoro.

"Mwalimu, ukizifuta utakuwa umewafanyia utafiti wao," akasema.

Nikamjibu kwamba wanaoanza watakata tamaa. Hakunibishia, alivuta kiti, akaniomba nimchoree Mei hadi Septemba tu za mwaka wowote. Mstari ukashuka. Mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia hufyonza ukaa katika msimu wake wa kukua, hivyo anayeitazama miezi hiyo peke yake anaweza kutangaza, kwa takwimu halali kabisa, kwamba ukaa unapungua. Kwa sababu hiyohiyo, hata baada ya kuondoa -99.99, miezi tisa inayobaki ya 1964 haitoi wastani halisi wa mwaka. Nikakubali yaishe: mitego yote miwili inabaki katika zoezi.

Saa nane mchana naongeza sehemu ya pili, ambayo haikunichukua muda. Wanafunzi watapewa takwimu za joto la dunia zinazolinganishwa na kipindi cha 1951 hadi 1980, kama NASA, shirika la anga la Marekani, inavyofanya, na nyingine zinazolinganishwa na 1850 hadi 1900, kipindi kinachotumiwa na Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC. Mwaka mmoja utakuwa na ongezeko la namna mbili, nao wataeleza kwa nini hakuna aliyedanganya.

Mwongozo wa usahihishaji ndio ulionitoa jasho kuanzia saa tisa. Nusu ya alama nimeipeleka kwenye daftari la utafiti, ambamo mwanafunzi ataandika alichojaribu, alichokuta na alichobadilisha, pamoja na tarehe. Atakayeliona shimo la 1964 na kulieleza, hata akishindwa kulitengeneza, atapata alama zaidi ya mwenye grafu nzuri isiyo na maelezo. Najua watakaolalamika.

Saa kumi na moja jioni wanafunzi wawili wa mwaka wa juu wananisomea maagizo kwa sauti, huku nikiweka alama kila wanapokwama. Mmoja akauliza, "Sasa Mwalimu, tutajuaje kama tumepata?" Sikuwa na jibu la haraka. Mwishowe nikaandika sentensi moja juu ya ukurasa: "Namba ikikushangaza, ifuatilie hadi ujue imetoka wapi, kisha uandike."

Saa mbili usiku maagizo yamepungua kutoka kurasa nne hadi moja na nusu. Nalifungua faili kwa mara ya mwisho, nashuka hadi 1964, nahakikisha -99.99 zote tatu zipo, kisha nalipakia.