Siku yangu moja Longido kwenye utafiti wa upasuaji wa vikope

Saa 11 alfajiri nishaamka. Mi ni nesi wa macho, na sasa hivi niko kwenye utafiti unaofuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa vikope, yaani trakoma (ugonjwa wa macho wa kuambukiza) ikishamkaa mtu miaka mingi kile kigubiko cha juu cha jicho kinajikunja kwa ndani, kope zinakuwa zinakwaruza kioo cha jicho kila akipepesa, mwisho anapofuka.

Saa 12 na nusu tunapakia gari: tochi, miwani ya kukuzia, kamera, fomu, tyubu za tetrasaiklini, dawa ya mafuta ya kupaka machoni. Barabara ya Ketumbeine ni vumbi mwanzo mwisho.

Saa 3 tuko zahanati, tunafungua bandeji za waliopasuliwa jana. Namsalimia bibi mmoja kwa Kimaasai, "Takwenya, koko." Anaitika, "Iko." Bibi katulia tu, nalowanisha plasta na maji ya chumvi ili isivute nyuzi, naibandua taratibu, kigubiko kimevimba lakini kope zote zinatazama nje, hata moja haigusi jicho. Akafumbua, akapepesa, akapepesa tena, akasema hakuna kinachochoma. Jamani hii sehemu siizoei. Hapo anapewa azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, maana utafiti uliofanyika Ethiopia na kutoka 2006 ulionyesha dozi moja baada ya upasuaji ilipunguza kope kurudi kwa kama theluthi moja, ukilinganisha na mafuta ya tetrasaiklini peke yake.

Saa 5 picha. Kila jicho linapigwa likiwa na namba tu bila jina, anayezisoma baadaye hajui mgonjwa alipasuliwa kwa njia ipi, asije akapendelea.

Na njia ina maana sana asikwambie mtu! Ethiopia hiyohiyo walilinganisha njia mbili kwa watu 1,000, majibu yakatoka 2016: ile ya kukata kigubiko chote mpaka ngozi, kope zilirudi kwa 22% ndani ya mwaka, ile ya kukata kwa ndani tu bila kugusa ngozi ni 13%. Kwa hiyo ukipasuliwa, tarehe ya kurudi ikifika, rudi hata kama huumwi, kope inaweza kurudi kimyakimya na kuna wengine wanaota kinyama pale kwenye kidonda, na sisi tusipokuona hatutajua kama njia tunayotumia inafaa.

Saa 8 mchana tunamtafuta mama mmoja aliyetakiwa kuja kucheki mwaka mmoja, simu hana, boma limehama na ng'ombe. Mhudumu wa afya wa kijiji akatangulia na pikipiki, sisi nyuma, tukampata saa 10 hivi. Nikaona kile kibanio cha kung'olea kope bado kaning'iniza shingoni pamoja na shanga, nikajua. Jicho la kulia liko safi, la kushoto kope mbili zimerudi na zinagusa kioo. Nikamweleza wazi kupitia mkalimani, akauliza kama akipasuliwa tena ataweza kuendelea kulea wajukuu, nikamwambia ataweza, siku chache tu asipikie kwenye moshi. Kina mama ndio wanaumia zaidi na huu ugonjwa, maambukizi wanayapata kwa watoto wanaowalea.

Saa 1 usiku naingiza data kwenye tableti. Saa 2 nikampigia daktari wetu mwandamizi, kasema marudio atayafanya mwenyewe, aletwe Jumatatu na gari tutamtumia sisi.