Diploma ya afya mkononi: uvuke kwenda kusoma digrii au ubaki kazini?

Matokeo ya Form Six yakitoka Julai, familia nyingi huku kwetu Zanzibar huwa zimeshaamua: mtoto asome afya. Alama za udaktari zikikosekana hutajwa maabara, mionzi, fizio (tiba ya viungo), famasia na macho kwa mkupuo mmoja, kama vile vyote ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba digrii ya famasia na digrii ya maabara hazilipi sawa, na gharama yake iliyo kubwa haimo hata kwenye karatasi ya ada.

Nimalize kwanza lililo jepesi. Aliyetoka Form Six na alama zinazomwingiza digrii moja kwa moja hana haja ya kuumiza kichwa. Diploma ni miaka mitatu, na digrii nyingi za kada hizi, yaani fani hizi za kazi, ni mitatu au minne. Aende digrii. Swali gumu ni la mwenye diploma aliyekwisha kuajiriwa, yuko maabara ya hospitali ya Kivunge, Unguja, au Micheweni, Pemba, analipwa kila mwezi, na anajiuliza kama arudi darasani.

Tuanze na karatasi ya ada, kwa sababu ndiyo inayosomwa vibaya. Mstari wa juu ni ada ya masomo, na macho huishia hapo. Chini yake ipo ada ya udhibiti ubora ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), shilingi 20,000 kwa mwaka, kisha bima ya afya, kitambulisho, mitihani na mchango wa serikali ya wanafunzi. Kimoja kimoja ni kidogo, vikijumlishwa vinauma. Kwa wanafunzi wa afya kuna zaidi: koti jeupe, sare, viatu vya kufunika vidole, na wiki kadhaa za mafunzo ya vitendo kila mwaka kwenye hospitali ambayo huenda iko mbali na chuo. Hapo kodi ya chumba inalipwa mara mbili, kwani mwenye nyumba wa mwanzo hakusamehe eti kwa sababu umekwenda fildi.

Na kuna chanjo ya homa ya ini B, ambayo wengi huikumbuka wakiwa wamechelewa. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Anayesubiri mpaka afike chuoni Novemba anapelekwa wodini au maabara akiwa na dozi mbili tu. Anayeanza Julai, matokeo yanapotoka, anamaliza Januari. Kama hukuichoma wakati wa diploma, hiyo ndiyo ya kufanya kabla ya kununua hata daftari.

Sasa hesabu yenyewe. Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme ada ni 1,800,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu ni 5,400,000. Chumba na chakula Dar es Salaam 250,000 kwa mwezi, miezi kumi kwa mwaka, miaka mitatu: 7,500,000. Boti, vifaa na fildi 600,000 kwa mwaka: 1,800,000. Jumla 14,700,000. Wa Pemba aongeze boti ya Mkoani hadi bandari ya Malindi, Unguja, kabla hata hajaanza kuvuka kwenda bara.

Watu wengi huishia hapo, wakati fungu kubwa bado halijaguswa. Kama mshahara wako wa mkononi ni 600,000 na unauacha kwa miezi 36, umeacha 21,600,000. Gharama ya kweli sasa ni 36,300,000. Digrii ikikuongezea 300,000 kwa mwezi, unahitaji miezi 121 kurudisha ulichotoa. Hiyo ni miaka kumi na mwezi mmoja. Ukiwa na umri wa miaka 25 inavumilika. Ukiwa na 42 na watoto wako skuli, sioni sababu.

Badilisha kitu kimoja tu: umepata ruhusa ya masomo yenye mshahara. Zile 21,600,000 zinatoka kwenye hesabu, zinabaki 14,700,000, na unazirudisha kwa miezi 49. Kwa maoni yangu barua ya ruhusa ina thamani kuliko punguzo lolote la ada, na anayeacha kazi ili "akasome haraka" anajiumiza bure. Iombe mapema kupitia mkuu wako wa kazi, kabla ya kulipa chochote chuoni, na usome sharti la kurudi kutumikia miaka fulani. Ukilivunja unadaiwa.

Kinachoharibika baada ya hapo ni kurudi na cheti na kukuta mshahara uko palepale. Digrii peke yake haibadilishi malipo. Kinachoyabadilisha ni kubadilishiwa kada, na hilo linangoja nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopangiwa kituo, na fedha kwenye bajeti ya mwaka. Ukingoja miaka miwili, ongeza miezi 24 kwenye zile 49. Kabla ya kuondoka, nenda kwa afisa utumishi, umuulize swali moja: katika kituo hiki, ikama inataka watu wangapi wa digrii kwa kada yangu, na wako wangapi? Jibu likiwa "mmoja, naye yupo", unajua unakokwenda.

Mkopo unapunguza maumivu ya mwanzo, lakini usiuhesabu mara mbili, kama gharama ya masomo na tena kama deni. Aliyekopeshwa na bodi ya mikopo ya Muungano (HESLB) anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa msingi wa 900,000 hiyo ni 135,000 kila mwezi, kwa hiyo ongezeko lako la 300,000 mfukoni linasomeka 165,000 mpaka deni liishe. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ina masharti yake, soma mkataba wake kivyake, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kiwe tayari mkononi.

Nikija kwenye kada, kipimo changu ni hiki: digrii itakuruhusu kusaini nini ambacho diploma haikuruhusu? Kwenye famasia jibu liko wazi, kwa sababu mfamasia na fundi dawa hawasajiliwi daraja moja, na majukumu ya kisheria ya duka la dawa au stoo yanafuata daraja hilo. Hapo digrii ni mlango. Maabara ni tofauti. Mezani, wa diploma na wa digrii wanasoma slaidi ileile ya malaria kwa darubini ileile, na mgonjwa hajui nani ni nani. Digrii inakuja kuonekana kwenye udhibiti wa ubora, uongozi wa maabara na utafiti. Wa Pemba ana bahati yake hapa: Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iko Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000, na kazi za utafiti zinataka mtu anayeweza kuandika itifaki (mpango wa utafiti hatua kwa hatua), si kusoma slaidi tu. Kama huna hamu ya mambo hayo, diploma yako na kozi fupi fupi zinatosha kabisa.

Mtu wa mionzi amefungwa na mashine. Mahali penye eksirei tu, ujuzi wa mashine ya CT unakaa bure na kusahaulika. Mtu wa fizio hana mashine ya kumfunga, anahitaji kitanda, mikono na wagonjwa, na wagonjwa wa kiharusi na mgongo hawakosekani. Ndiyo kada ninayoiona bora kwa anayetaka kujitegemea, ingawa digrii yake ni ya miaka minne, kwa hiyo ile hesabu iongezee mwaka. Viungo bandia vinafundishwa Moshi, kwenye chuo cha TATCOT, pale hospitali ya KCMC, na wahitimu wake ni wachache kiasi kwamba suala la ushindani halipo, suala ni kama kuna karakana ya kukupokea ukirudi.

Jambo linalowapiga chenga wengi: elimu ya juu ni jambo la Muungano, afya siyo. TCU inakitambua chuo chako pande zote mbili, lakini usajili wa baraza la taaluma yako la bara haukupi moja kwa moja haki ya kufanya kazi Unguja au Pemba. Waliosoma nje wana hatua nyingine kabla ya hiyo, nayo ni kupeleka cheti TCU kithibitishwe. Anza ukiwa bado uko huko nje, wakati chuo kinaweza kukutumia nakala ya alama bila kuzungushana.

Sifa za kuingia digrii kwa kutumia diploma huwa ni GPA (wastani wa alama) 3.0 kwenda juu, na matokeo ya Form Four nayo yanaangaliwa upya. F ya fizikia uliyoisahau miaka minane iliyopita itakutoa kwenye orodha hata GPA yako ikiwa 4.5. Irudie kama mtahiniwa wa kujitegemea mwaka mmoja kabla ya kuomba.

Halafu majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis, cha Form Four Hamis, cha diploma kimeacha jina la babu. Mfumo wa maombi unawaona hao ni watu watatu. Panga vyeti vyote mezani, soma herufi kwa herufi, na kiapo cha majina ukipate kabla ya Julai, maana dirisha la maombi likishafunguliwa foleni ya viapo nayo inakuwa ndefu.