Siku ya tano ya mafua

Jumapili usiku, Julai

Leo ni siku ya tano tangu mafua yanianze, na jana usiku nimelala mpaka alfajiri. Naliandika hili sasa hivi kabla halijanitoka, kwa sababu mwaka jana wakati kama huu siku ya tano ilinikuta wodini, nimevalishwa barakoa ya nebulaiza, mashine inayogeuza dawa ya pumu kuwa ukungu wa kuvuta, mume wangu kasimama mlangoni kashika kandambili yangu moja. Nyingine ilidondoka njiani wakati wananipakia kwenye bajaji.

Julai ya Arusha tunaijua. Mlima Meru unajifunika asubuhi nzima, watoto wanakuja darasani na masweta mawili mawili na makamasi yao, na mwalimu huwezi kumkwepa mtoto anayekuletea daftari. Mwalimu wa darasa la jirani akiambukizwa hupiga chafya siku tatu, yameisha. Mimi siku ya kwanza koo huwasha, ya pili pua huziba, ya tatu mafua yanashuka, na ikifika saa tisa usiku kifua kinaanza kupiga filimbi. Wengi hudhani mwenye pumu anashindwa kuvuta hewa. Mimi kinachonitesa ni kuitoa. Inaingia, inakwama, na unajikuta umekaa kitandani umeshika magoti, mabega juu, unaisukuma kidogo kidogo kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi.

Nimeishi hivyo miaka mingi, nikitegemea inhela ya bluu, kile kikopo cha kupuliza dawa kifuani, tena kwa kujificha. Niliifunga kwenye kona ya kitambaa nikaiweka chini kabisa ya mkoba. Nyumbani kwetu Muheza inhela ilikuwa neno la kuogopwa. "Mwanangu, hiyo ukiianza huiachi tena," mama aliniambia, na alisema kwa mapenzi kabisa, maana ndiye aliyekesha na mimi tangu utoto, akinifukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi. Sasa najua ule mvuke haufungui pumu, na sufuria ya maji ya moto karibu na mtoto ni hatari. Lakini mikono yake mgongoni mwangu siwezi kuisema vibaya hata kidogo.

Kwa hiyo nilikuwa nakunywa vidonge pia. Salbutamoli ya vidonge, dawa ileile iliyomo kwenye inhela ya bluu, ilinitetemesha mpaka herufi ubaoni zikapinda, na moyo ukidunda kama nimepanda mlima. Ni huko wodini ndipo daktari, mama wa makamo hivi, aliponifanyia hesabu: kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa ya mipulizo 40 ya inhela ya bluu, kwa kuwa kila mpulizo una mikrogramu 100. Kidonge kinazunguka mwili mzima ndipo kifike kifuani. Inhela inakwenda moja kwa moja.

Halafu akaniuliza, "Hiyo ya bluu moja inakutosha muda gani?"

"Mwezi, dokta. Mara nyingine wiki tatu."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza taratibu kwamba kopo lina mipulizo 200, na mtu anayelimaliza kila mwezi yuko kwenye hatari kubwa, hata kama kila asubuhi anaamka na kwenda kazini. Ya bluu inalegeza misuli iliyobana njia za hewa, basi. Uvimbe wa ndani inauacha palepale. Ya kuutuliza ni inhela ya kahawia, yenye beklometasoni, ambayo haisaidii mtu aliyekwisha kubanwa usiku ule. Inataka itumiwe kila siku, asubuhi na jioni, na zaidi ya yote siku ambazo huumwi kitu.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kwangu. Kununua dawa wakati umebanwa, hakuna anayejiuliza mara mbili. Kuinunua ukiwa mzima, wakati sukari imeisha na ada inadaiwa, kunataka moyo. Wiki ya kwanza sikuona tofauti yoyote nikataka kuacha. Wiki ya tatu nikapanda ngazi za shule nimebeba madaftari arobaini, nikafika juu nikiwa bado naongea.

Daktari aliniuliza pia kuhusu pua, jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa mtu, nikidhani kila binadamu huamka akipiga chafya kumi. Alinishika kidevu akanionyesha kwenye kioo mstari mwembamba unaokatiza juu ya pua yangu. Ni alama ya kuisugua pua kwenda juu kwa kiganja, tangu mtoto. Mzio wa pua na pumu vinakaa nyumba moja, alisema. Ukiacha pua inawaka, kifua hakitulii. Akaniandikia dawa ya kupuliza puani na kunifundisha kuielekeza upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati, usije ukatoka damu.

Tangu hapo ubao naufuta kwa kitambaa kibichi. Mashuka nafua kwa maji ya moto, kwa ajili ya vijidudu vya vumbi ambavyo jicho halivioni. Mto wa sufi alionijazia mama kwa mikono yake, sufi ya mti wa pale nyumbani, sikuweza kuutupa. Uko juu ya kabati ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa.

Wiki hii basi. Jumatano koo lilipoanza, sikungoja filimbi. Ya kahawia sikuruka hata mara moja, ya bluu nikaiweka kando ya kitanda. Kwenye duka la dawa kijana alikwishaanza kunifungia antibayotiki. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mafua ni virusi, hizo haziviui." Nilichukua parasetamoli tu, kwa sababu diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, iliwahi kunibana kifua, na wapo wenye pumu ambao aspirini na ndugu zake huwafanyia hivyo. Matone ya kuzibua pua nimeyaweka siku tatu, nikaacha. Mwaka fulani niliyatumia miezi miwili, ikafika mahali pua haifunguki bila hayo. Mume wangu naye anajua la kufanya: nikishindwa kumaliza sentensi, au ya bluu isiponishikilia kwa muda wa saa nne, asiniulize kitu, twende hospitali.

Ninachoogopa si changu tena. Binti yetu ana miaka sita, na tangu Machi anakohoa usiku. Nilipoisikia ile filimbi kwenye mgongo wake mdogo nilitoka nje nikalia. Kisha baba yake akachukua chupa ya maji ya nusu lita, akapasha waya moto, akatoboa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, ili dawa ijae ndani ya chupa na mtoto aivute polepole, kama tulivyoelekezwa kliniki. Chupa hiyo si ubahili wetu: madaktari wa Cape Town waliipima kwa watoto waliobanwa, wakachapisha matokeo mwaka 1999, nayo ikafanya kazi sawa na kifaa cha dukani cha kuvutia inhela. Tunaiosha kwa sabuni na kuiacha ikauke yenyewe bila kuifuta.

Kwenye boksi la inhela yake nimeandika tarehe tuliyoifungua. Hatatumia kopo tupu akidhani ni dawa, kama nilivyowahi kufanya mimi.

Jioni hii tumekaa pamoja ukingoni mwa kitanda. Mimi mipulizo miwili ya kahawia, nikasukutua mdomo na kutema. Yeye akaziba mdomo wa chupa kwa midomo yake, nikabonyeza, wingu jeupe likajaa ndani. Akavuta polepole, akatoa, akavuta. Alikuwa akihesabu pumzi kwa vidole juu ya paja langu, na alipofika cha tano akanitazama kama anauliza ndiyo hiyo tu, nami nikamwambia ndiyo, mwanangu, kesho asubuhi tena.