Mabano mawili na tangi tupu

Siku mbili nzima nimelilaumu boya la tangi. Nimelitoa, nimelisafisha, nimebadilisha hadi waya, pampu bado inakataa kuwaka. Kila nikijaribu, programu niliyoiandika kwa lugha ya C kuiendesha pampu inasema tangi limejaa, na mimi niko juu ya ngazi nalichungulia, kavu hadi chini.

Kosa lilikuwa hapa:

if (hali & 4 == 4)

Hapo hali ni namba inayobeba taarifa zangu katika biti, kila moja 0 au 1, na & inalinganisha namba mbili biti kwa biti. Nilitaka kuuliza kama biti ya tatu, yenye thamani 4, ile ya tangi kujaa, imewaka. Lakini katika C alama ya ==, ya kuuliza kama pande mbili ni sawa, inatangulia &. Kompaila, programu inayotafsiri nilichoandika kwa ajili ya mashine, ilianza na 4 == 4, ikapata 1, yaani kweli, kisha ikabaki na hali & 1. Na biti ya kwanza nimeitenga kwa umeme! Umeme ukiwepo tu, tangi "limejaa".

Shuleni tulikariri MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Wengi tulitoka pale tukiamini kujumlisha kuna cheo juu ya kutoa. Katika C alama hizo mbili zina cheo kimoja, na zikifuatana hesabu inaanzia kushoto, kwa hiyo 10 - 4 + 3 ni 9, si 3. Alama ya = ndiyo inayoanzia kulia: ukiandika a = b = 0, sifuri inaingia kwanza kwa b, halafu kwa a. Haya nilikuwa nayajua. Hilo la & ndilo lililonipita.

Leo nimesoma jinsi Dennis Ritchie, aliyeitengeneza C, alivyolieleza. Lugha ya B, iliyoizaa C, haikuwa na && (ya kusema "na") wala || (ya kusema "au"). Alama ya & ilibeba kazi ya biti na ile ya "na" pia, watu wakaandika if (a == b & c == d), na hapo ilifaa kabisa == itangulie. && na || zilipoongezwa, & ikaachwa ilipokuwa ili programu zilizokwisha kuandikwa zisivurugike. Baadaye alikubali kwamba ingekuwa afadhali kuihamisha. Siwezi kumlaumu. Nami ningewaonea huruma watu wenye programu zinazofanya kazi. Kilichonigusa zaidi ni kwamba Ken Thompson, aliyeitengeneza B, alikuwa miongoni mwa walioibuni Go, lugha iliyotangazwa mwaka 2009, na humo & imepewa cheo sawa na kuzidisha.

Nilipokompaili upya kwa -Wall, chaguo la kuwasha maonyo, kompaila yangu GCC ikauonyesha mstari uleule na kupendekeza mabano. Onyo hilo ningeliona tangu juzi, ila sikuwa nimeliwasha.

if ((hali & 4) == 4)

Saa nne usiku nimeipakia. Pampu imenguruma, bomba likakohoa hewa, kisha nikasikia maji yakipiga sakafu ya tangi. Kesho asubuhi nina faili tatu nyingine za kupitia, zote zina & ndani yake.