Nodi ya 17

Nimetoka chumba cha seva usiku huu, masikio bado yanavuma. Feni za seva 24 zikizunguka kwa pamoja, sauti yake unaondoka nayo mpaka kitandani. Lakini sitaki kulala kabla ya kuandika. Siku tatu nimehangaika na nodi moja tu, yaani seva moja kati ya hizo, ya 17.

Seva hizi tulizirithi. Zilikaa stoo muda mrefu kabla hatujazipanga kwenye raki na kuzifanya klasta, kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja. Kuziwasha hakukuwa na shida: nodi hupokea mfumo endeshi kwa mtandao kutoka seva kuu, na kabla ya saa sita mchana nodi 23 zilikuwa tayari kupokea kazi. Moja ikagoma. Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi, iliiandika "down" na kuiwekea kinyota, yaani haijibu ikiitwa.

Nikaingia ndani yake. Mtandao upo. Huduma ya Slurm imewaka. Nikamshuku Munge, programu inayothibitisha kwamba ujumbe kati ya nodi umetoka kwa mwenzao wa kweli, maana ufunguo wake lazima uwe uleule kila mahali. Nikausambaza upya, nikarekebisha ruhusa za faili, nikazima, nikawasha. Kimya. Siku nzima ikapita hivyo, kwa sababu nilikuwa nasoma logi, yaani kumbukumbu za matukio, za nodi iliyogoma peke yake. Jibu lilikuwa kwenye logi ya seva kuu: hati ya nodi ya 17 imekwisha muda. Hati ya Munge, uthibitisho wenye muhuri wa saa unaosafiri na kila ujumbe, kwa kawaida huishi sekunde 300. Nikachapa amri ya date kwenye ile nodi, nayo ikanirudishia tarehe ya miaka mingi iliyopita.

Betri ya ubao mkuu ilikuwa imekufa, ile ndogo ya duara, CR2032. Kila umeme ukikatika, saa inasahau. Programu ya Chrony ilikuwepo kurekebisha saa, lakini bila agizo la makestep hairukishi muda, huusogeza kidogo kidogo, na pengo la miaka halizibiki kwa mwendo huo. Nikaongeza agizo, nikabadilisha betri, nodi ikaitika.

Nilidhani nimemaliza. Jana jioni nikaendesha Linpack, jaribio la kutatua milinganyo mingi ya hesabu kwa pamoja. Nodi 23 zilitoa matokeo mazuri. Nilipoongeza ya 17, klasta nzima ikawa na kasi ndogo kuliko bila hiyo. Nililitazama jibu hilo muda mrefu. Katika kazi za namna hii nodi hubadilishana matokeo kila hatua, na anayechelewa huwasubirisha wote.

Mara ya kwanza nilipochapa ibstat, amri inayoonyesha hali ya kiungo cha mtandao, niliona "Active" na "LinkUp", nikapita. Leo nimesoma mpaka mstari wa chini: kasi 25. Nodi nyingine zote: 100. Kiungo chetu cha InfiniBand, mtandao wa kasi unaounganisha nodi, kina njia 4, kila moja gigabiti 25 kwa sekunde. Njia 3 hazikuwepo, na hakuna taa yoyote iliyosema hivyo. Tangu leo sitaihesabu nodi kuwa nzima kwa kuona neno "Active". Nitataka namba.

Nikazunguka nyuma ya raki, hewa ya moto ikinipiga usoni, nikaivuta kebo kwa ulimi wake. Mdomoni mwa plagi palikuwa na kipande cha plastiki, kidogo kuliko punje ya mchele, kilichomeguka kwenye kifuniko cha vumbi. Nikakitoa kwa kibano, nikasukuma kebo mpaka vidole vikahisi imenasa, kwa kuwa kusikia mle ndani haiwezekani. 100.

Nimewafikiria Thomas Sterling na Donald Becker, waliojenga Beowulf, klasta ya kompyuta za kawaida, kwenye kituo cha NASA mwaka 1994 kwa kompyuta 16 za prosesa za 486. Mtandao mmoja wa Ethernet ulizidiwa na prosesa zao, wakagawa pakiti za data kwenye zaidi ya kebo moja. Tatizo lao lilikuwa hapohapo, kwenye waya.

Nilipokuwa navaa koti nodi ya 17 ilishapewa kazi na Slurm, pamoja na wenzake. Seva zote 24 ni za umri mmoja, na betri zake pia. Kesho asubuhi naagiza 23.