Picha ya Daftari

Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, nilikuwa mwaka wa pili na somo lililoninyima usingizi lilikuwa takwimu. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na watu zaidi ya 80, lakini kilichopita humo ni matangazo tu: tarehe ya kukusanya kazi, slaidi, "asante", basi.

Usiku mmoja nilikwama kwenye variansi, kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani wake. Sampuli ilikuwa na namba tano: 4, 6, 8, 10 na 12. Wastani wake 8. Nilichukua tofauti ya kila namba na wastani, nikaipigia mraba, yaani nikaizidisha kwa yenyewe. Nilipojumlisha miraba hiyo nikapata 40, nikagawa kwa 5, nikapata 8. Jibu la mhadhiri lilikuwa 10. Nilirudia mara tatu. Niliandika swali nikalifuta, nikaliandika tena, maana kuuliza mbele ya watu 80 usiowaona nyuso kunaogopesha kuliko kunyoosha mkono darasani. Mwishowe nikapiga picha ukurasa wa daftari vilevile ulivyo, na mikato yake yote, nikauliza: "Nimekosea wapi?"

Kimya. Baada ya kama dakika kumi ikaingia sauti ya mwenzetu ambaye sikuwahi kuzungumza naye.

"Jumlisha hizo tofauti kabla hujazipigia mraba."

Nikajumlisha: −4, −2, 0, 2, 4. Sifuri.

"Itakuwa sifuri kila mara," akaendelea kwenye sauti ya pili. "Kwa hiyo ukishazijua nne, ya tano haina uhuru tena. Ndiyo maana kwa sampuli hii unagawa kwa 4."

Sijamaliza kumshukuru, ikaingia picha ya daftari lingine, kosa lilelile. Kisha la tatu.

Tangu hapo tukawa tunakutana Zoom kila Jumanne. Akaunti ya bure ilitukatia mkutano dakika ya 40, na naamini ukomo huo ulitusaidia: hakuna aliyekuja mikono mitupu, kila mtu alituma kwanza picha ya alipokwamia. Wenye bando dogo walitumiwa maelezo kwa sauti baadaye. Mhadhiri tulimwalika mara moja, watu wakawa wagumu kusema. Yeye mwenyewe akaona, akaomba tuwe tunamtumia yale yaliyotushinda tu.

Simu nimebadilisha mara mbili tangu wakati ule. Zile sauti mbili nimezihamisha kila mara.