Jinsi nilivyoirudisha kotonii katika shamba langu la mwani

Kotonii, mwani ambao wanunuzi huulipia bei kubwa kuliko spinosamu, aina nyingine ya mwani, kwa sababu ute wake huganda imara zaidi, ulikuwa ukinifia kila msimu wa joto hapa mashariki ya Unguja, ambako kilimo hiki kilianza mwaka 1989. Matawi yalipauka, yakalainika, kisha yakakatika na kuchukuliwa na mawimbi. Nilibadilisha mbegu, nikahamisha vigingi, nikapanda upya baada ya kila hasara, na bado ulikufa. Wenzangu wengi waliacha, na siwalaumu hata kidogo.

Kilichonisaidia ni kuelewa kwamba maji ya kina kifupi, yanapokupwa wakati wa jua kali, hupata joto ambalo kotonii haiwezi kulistahimili. Kwa hiyo mimi na wanawake wenzangu waliobaki tulijifunza kuogelea, tukahamia kwenye maji yasiyokauka hata wakati wa bamvua, na badala ya vigingi tukafunga kamba kwenye maboya yaliyotiwa nanga. Kaskazi iliyofuata, mwani ulibaki na rangi yake, na tuliuvuna ukiwa umenenepa.